Dawa ya ubongo iliyoishia kwenye ini: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mombasa

Majina, mtaa, tarehe na mambo ya ukoo yanayoweza kumtambulisha mgonjwa yameondolewa.

Mgonjwa kabla ya mkasa

Mama wa miaka sabini na ushei, mjane, aliyesoma hadi darasa la saba. Anakaa kisiwani na binti yake. Mwanawe wa kiume anafanya kazi Ghuba na ndiye anayetuma pesa za matibabu. Ana kisukari cha aina ya pili kwa zaidi ya miaka 15, na presha. Dawa zake zilikuwa metformini gramu 1 asubuhi na jioni, glibenklamidi miligramu 5 asubuhi na jioni, zote mbili za sukari, na amlodipini miligramu 5 ya presha. Ya nne haikuandikwa kwenye kadi yoyote: klorofeniramini miligramu 4 kila usiku, ile ambayo kila mtu huiita piritoni. Aliianza zamani kwa ajili ya muwasho, kisha ikageuka dawa ya usingizi.

Kusahau kulikuwa na umri wa miaka miwili hivi. Alitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi, akauliza swali lile lile kila baada ya dakika tano, akachanganya hesabu ya rakaa. Siku moja alipotea akirudi kutoka Marikiti, kwa njia anayoijua tangu utotoni. Nyumbani walisema ni uzee. Hakuna aliyempima kumbukumbu, na figo zake zilikuwa hazijapimwa kwa karibu miaka mitatu, ingawa dawa za sukari zilijazwa upya kila mwezi kwa kadi ile ile.

Chupa mbili

Mwana alisoma mtandaoni habari ya utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, uliochapishwa mwaka 2025. Seli za ubongo za panya wazee zilipewa nikotinamidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, pamoja na EGCG, kemikali inayopatikana kwenye chai ya kijani. Baada ya saa 24 nishati ya seli hizo ilirudi kama ya ujana, na mabonge ya protini ya amiloidi yakapungua. Habari yenyewe ilikuwa ya kweli. Akaagiza chupa mbili zikaletwa Mombasa na msafiri.

Chupa ya kwanza haikuwa nikotinamidi. Ilikuwa niasini, yaani asidi ya nikotini, vidonge vya miligramu 500. Zote mbili huuzwa kwa jina la vitamini B3 na husimama kwenye rafu moja, lakini mwilini hazifanani: asidi ya nikotini hutanua mishipa ya ngozi hadi ngozi ikawaka, tena hupandisha sukari ya damu, na nikotinamidi haitoi ule mwako. Chupa ya pili ilikuwa dondoo la chai ya kijani, miligramu 400 za EGCG kwa kidonge.

Maagizo ya simu yalikuwa haya: kimoja cha kila chupa asubuhi na kimoja jioni, tumbo likiwa tupu “ili kiingie vizuri”. Mama hufunga Jumatatu na Alhamisi. Siku hizo cha asubuhi alikimeza alfajiri kwa maji matupu, kwa kuwa daku haipendi.

Wiki saba

Siku ya kwanza, nusu saa baada ya kumeza, uso na kifua viliwaka, ngozi ikawasha. Binti alidhani ni mzio. Akaongeza piritoni, moja asubuhi na nyingine mchana juu ya ile ya usiku. Mwako haukukoma, na haukutarajiwa kukoma: niasini huwasha ngozi kupitia kemikali iitwayo prostaglandini, na piritoni huzuia nyingine, histamini. Ilichofanya piritoni ni kuzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo wenye ugonjwa wa kusahau tayari umepungukiwa nayo. Kufikia wiki ya pili mama alikuwa akilala mchana, akizungumza na watu wasiokuwapo usiku, na mkojo ukimwia mgumu. Jirani mmoja alishauri aitwe mganga, kwamba ruhani amempanda. Binti hakukataa wala hakukubali.

Wiki ya tatu mashine ya nyumbani ilionyesha sukari ya asubuhi kati ya 11 na 13 (milimoli kwa lita). Kabla ya hapo ilikuwa 8 au 9. Kwenye duka la dawa walimwambia aongeze glibenklamidi ya asubuhi iwe miligramu 10. Hakuna aliyeuliza ni kitu gani kipya kimeingia nyumbani.

Wiki ya tano hamu ya kula iliisha. Kichefuchefu, uchovu, chakula kikabaki chai na kipande cha mkate wa mayai. Metformini na glibenklamidi ziliendelea kama kawaida, na kufunga pia. Wiki ya saba mkojo ukawa mweusi kama kahawa tungu. Binti aliona macho yana rangi ya manjano, akadhani ni taa.

Alfajiri ya kulazwa

Saa kumi na moja alfajiri, siku ya Alhamisi, alikutwa ameketi kitandani amelowa jasho, haitiki jina lake. Kituo cha kwanza walikopita waliandika “kiharusi” na kuwaelekeza wakapige picha ya kichwa. Kwenye wodi ya dharura nesi alichoma kidole kabla ya jambo lingine lolote: sukari 2.3, chini mno.

Alipewa mililita 50 za glukosi ya asilimia 50, polepole, kwenye mshipa mkubwa wa kiwiko, kwani dawa hii ikivuja nje ya mshipa huua nyama. Tiamini (vitamini B1) miligramu 100 ilifuata kwa sababu ya wiki kadhaa za kutokula vizuri. Tiamini ni muhimu, ila haisubiriwi: glukosi kwanza. Baada ya dakika kumi na tano alijua jina la binti yake.

Saa nne baadaye sukari ilishuka tena hadi 3.1. Wengi hukosea hapa, wakamrudisha mgonjwa nyumbani mara tu anapozungumza. Glibenklamidi hukaa muda mrefu, na mabaki yake yenye nguvu hutoka kwa njia ya figo. Figo za mama huyu zilikuwa zikichuja mililita 40 kwa dakika. Dripu ya glukosi ya asilimia 10 iliendelea kwa saa 36, sukari ikipimwa kila saa moja mwanzoni, kisha kila saa mbili.

Vipimo vingine: ALT, kimeng’enya kinachovuja kwenye damu ini likiumia, 612, ambapo kawaida haizidi 40 hivi. Bilirubini, rangi ya manjano ambayo ini huiondoa, 68, kawaida ni chini ya 21. INR, kipimo cha kuganda kwa damu, 1.2. Homa za ini A, B, C na E hazikuwapo. Altrasaundi haikuonyesha mawe wala njia ya nyongo iliyoziba. Aliulizwa kuhusu panadoli, dawa za mitishamba, miraa na muguka. Hatumii hata kimoja. Vitamini B12 ilikuwa 118, chini ya kiwango cha 148. Tezi ya shingo ilikuwa sawa, HIV na kaswende hakuna. Picha ya kichwa haikuonyesha damu wala kiharusi kipya. Ubongo umesinyaa, zaidi sehemu za pembeni zinazohifadhi kumbukumbu.

Chupa mbili zilijulikana siku ya pili tu. Nesi hakuuliza “anatumia dawa gani?” Alimwambia binti: “Dada, nenda nyumbani uniletee kila kitu mama anachokimeza, hata cha majani, hata cha vitamini, hata kile usichokiita dawa.” Mfuko ulirudi na vitu tisa.

Maamuzi na sababu zake

Chupa zote mbili zilisimamishwa palepale. Ni ipi iliyoumiza ini? Niasini inaweza, hasa ile inayotoka polepole na kwa dozi zinazozidi gramu 2 kwa siku. Yeye alikuwa kwenye gramu 1 ya aina ya kawaida. Dondoo la chai lilishukiwa zaidi: ALT imepanda sana, wiki saba zimepita, dozi ni miligramu 800 za EGCG kwa siku, tena tumbo tupu. Shirika la usalama wa chakula la Ulaya, EFSA, lilieleza mwaka 2018 kwamba ni kuanzia dozi hiyo ya miligramu 800 kwa vidonge ndipo vimeng’enya vya ini huonekana kupanda. Wanywaji wa kawaida wa chai ya kijani hupata miligramu 90 hadi 300 kwa siku nzima, tena kwa vikombe vilivyoachana. Hakuna aliyefikiria kumrudishia kimoja ili kuthibitisha. Ini lililoumizwa na dondoo hili likilipata tena huumia haraka kuliko mara ya kwanza.

ALT iliyozidi mara tatu ya kawaida pamoja na bilirubini iliyozidi mara mbili, ikiwa chanzo ni dawa, ni ishara ya hatari: takriban mmoja kati ya kumi huweza kufa au kuhitaji ini jipya. Ndiyo maana INR na hali ya akili vilifuatiliwa kila siku kwa juma zima, hata baada ya yeye kuanza kuomba uji.

Glibenklamidi iliondolewa moja kwa moja. Kwa mzee mwenye figo dhaifu haina nafasi, na hili si jambo la kujadiliwa sana. Metformini ilisimamishwa hadi ini litulie, kisha ikarudi kwa nusu ya dozi, miligramu 500 mara mbili, kulingana na figo. Linagliptini miligramu 5 iliongezwa kwa kuwa haitegemei figo wala haishushi sukari ghafla. Lengo la HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, lililegezwa: chini ya asilimia 8 inatosha. Kulikimbilia lengo la asilimia 6.5 kwa mtu anayesahau kama amekula ni kumtega.

B12 ilitolewa kwa sindano, haidroksokobalamini miligramu 1 kila baada ya siku moja, kwa sababu miguu yake ilikuwa imepoteza hisia za mtetemo na kumbukumbu imeguswa. Piritoni ilikatwa, muwasho ulipata mafuta ya kulainisha ngozi.

Dawa ya kumbukumbu, donepezili, iliahirishwa kwa makusudi ingawa mwana aliiomba kwa simu. Mkanganyiko wa ghafla ulikuwa bado haujaisha, na ukimpima mtu kumbukumbu katika hali hiyo utaupima mkanganyiko. Ini lilihitaji kutulia, na ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilikuwa haijafanyika. Donepezili hupunguza mapigo ya moyo.

Kuhusu kufunga, familia ilimwita imamu wa msikiti wao, akakaa na daktari dakika kama ishirini. Sunna za Jumatatu na Alhamisi ziliachwa. Kwa Ramadhani watatoa fidia. Mama alipoambiwa na imamu alikubali. Binti alikuwa amelisema hilo hilo mwaka mzima bila mafanikio.

Matokeo

Mkanganyiko ulipungua kwa siku tisa. Watu wasiokuwapo waliacha kuja usiku siku ya tano. ALT ilishuka chini ya nusu baada ya wiki mbili, bilirubini ikawa kawaida wiki ya sita, ALT wiki ya kumi.

Jaribio la kumbukumbu la alama 30, lililofanywa kwa Kiswahili na kuzingatia kiwango chake cha elimu: siku ya tatu wodini 9, wiki ya sita 17, mwezi wa tatu 19. Hapo akasimama. Anakumbuka vizuri ya zamani, ya jana hayakumbuki. Ugonjwa uliobaki unafanana na Alzheimer, aina ya ugonjwa wa kusahau, pengine na mchango wa mishipa iliyochakazwa na kisukari. Donepezili ilianza baada ya mwezi wa tatu, ECG ikiwa nzuri, miligramu 5 usiku.

Uchambuzi: utafiti ulisema nini

Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati mtu akiwa amepumzika. Sehemu kubwa huenda kwenye kurudisha chumvi za seli mahali pake baada ya kila ujumbe. Sehemu nyingine, isiyosemwa sana, hutumika kuzuia protini zisigandane. Kundi la protini la Hsp70, linalokunja upya protini zilizopinda, hutumia ATP, yaani kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, kila linapofanya kazi. Proteasomu, inayokatakata protini mbovu, hutumia ATP. Pampu zinazotia asidi kwenye lisosomu, kifuko cha kuyeyushia taka, hutumia ATP. Mwaka 2017 watafiti walionyesha pia kwamba ATP yenyewe, kwa wingi ule inaopatikana ndani ya seli, husaidia protini zibaki zimeyeyuka.

Kuna hatua ya kati: bonge linapaswa kufungwa ndani ya kifuko na kusafirishwa hadi lisosomu. Wachukuzi wa safari hiyo, wakiwemo Rab7 na Arl8b, hutumia GTP, ndugu wa ATP. Taka zilizofungwa vizuri zikakosa wa kusukuma mkokoteni hubaki mlangoni. Kundi la Irvine lilipima GTP ndani ya seli hai, likaona imepungua kwenye seli za panya wazee, hasa ndani ya mitokondria, mitambo ya nishati ya seli, na vifuko vya taka vimejazana bila kusonga. Nikotinamidi na EGCG ziliinua GTP, na vifuko vikaanza kusafiri.

Sayansi hii ni nzuri na hakuna haja ya kuidharau. Lakini seli zile zilikuwa kwenye sahani, zimeogeshwa dawa moja kwa moja, kwa siku moja. Watafiti wenyewe walieleza kuwa nikotinamidi ya kumeza hubadilishwa ikiwa kwenye damu, na kwamba njia ya kuifikisha bado inatafutwa.

Kwa nini ini

EGCG ikimezwa, ni sehemu ndogo sana inayovuka utumbo. Kile kinachovuka huingia mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini, na ini huibadilisha kabla haijafika kwingine. Tumbo tupu huongeza kiasi kinachovuka. Kwa hiyo kiungo kilichopata dozi kubwa kuliko vyote kwa mama huyu kilikuwa ini lake. Ubongo, ambao ndio uliokusudiwa, ulipata mabaki. Swali la kuuliza kwa kila kidonge cha namna hii si kama kinaondoa mabonge kwenye seli. Ni: kikimezwa, kinafika wapi kwanza, na kwa kiasi gani?

Wazo la kuupa ubongo nishati kwa vidonge limewahi kujaribiwa kwa watu, katika ugonjwa wa Parkinson, ambao nao una mabonge ya protini na mitokondria dhaifu. Koenzaimu Q10, miligramu 1,200 na 2,400 kwa siku, kwa wagonjwa 600: matokeo ya 2014 hayakuonyesha faida. Kreatini, gramu 10 kwa siku, kwa wagonjwa 1,741: matokeo ya 2015, vivyo hivyo. Kwenye maabara zote mbili zilikuwa zimetia moyo.

Nishati ilipotea wapi

Familia ilikuwa sahihi kwamba ubongo wa mama unakosa nishati. Wizi ulikuwa mahali pengine. Seli za ubongo hazina ghala la maana la glukosi. Hutegemea kile damu inacholeta sasa hivi. Sukari ikishuka chini ya 3 hivi, kufikiri huvurugika. Haijulikani ni alfajiri ngapi zilipita hivyo kabla ya ile Alhamisi, maana mashine ya nyumbani ilitumika baada ya chai tu, na asubuhi nyingi za uzito na maneno yasiyoeleweka ziliandikiwa uzee. Utafiti mkubwa wa 2009 uliofuatilia wazee wenye kisukari cha aina ya pili nchini Marekani ulikuta kwamba waliowahi kushukiwa na sukari hadi kufika hospitali walipata dimenshia, ugonjwa wa kusahau, zaidi baadaye.

B12 nayo inafanya kazi ndani ya mitokondria. Metformini ya miaka mingi hupunguza ufyonzaji wake kwenye utumbo, na kipimo chake kinapaswa kufanywa mapema kuliko kilivyofanywa hapa. Alama kumi alizopata kutoka siku ya tatu hadi mwezi wa tatu zilitoka kwa vitu vitatu, yaani sukari iliyotulia, piritoni iliyoondoka na B12, na haiwezekani kugawanya kila kimoja kilileta ngapi. Makisio yetu ni kwamba piritoni na sukari ndizo zilizofanya kazi kubwa, kwa sababu sehemu kubwa ya nafuu ilikuja ndani ya wiki sita za kwanza.

Kilichofaa na kilichokwama

Kidole kilichochomwa kabla ya picha ya kichwa kiliokoa saa, pengine na maisha. Mfuko wa vitu tisa ulifaa kuliko kadi ya kliniki. Imamu alifaa.

Mnyororo ungeweza kukatwa mapema kwenye hatua tatu. Mwako baada ya kidonge kipya ulijibiwa kwa kidonge kingine. Sukari iliyopanda ilijibiwa kwa dozi kubwa zaidi ya dawa ya hatari, na aliyeiongeza hakuuliza figo. Kichefuchefu cha wiki ya tano, kwa mtu anayemeza dondoo la mimea, kilitosha kupima ALT. Kama kipimo kingefanyika siku hiyo, pengine manjano yasingefika.

Linagliptini imekuwa tatizo la pesa. Mwezi wa nne iliisha na haikununuliwa kwa wiki mbili. Binti alikuwa ameficha vidonge vya zamani vya glibenklamidi “kwa dharura”, na nesi aliyekwenda nyumbani alivikuta kwenye kabati la vikombe. Vilirudishwa hospitali vikateketezwe. Sindano za B12 sasa ni moja kila miezi miwili. Binti huandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni, na pembeni huandika sukari ya alfajiri, ambayo hupimwa kabla ya chai.